Nimefaulu mitihani ya uhasibu, lakini nasita kumpokea mteja wa kwanza: nianzie wapi?

Mhasibu Mpya, Morogoro

Wakubwa zangu, shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Nimefaulu ngazi ya pili ya mitihani ya ATEC ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), ile ya Novemba, na nilitarajia kwamba cheti kikishafika mkononi woga ungekwisha. Imekuwa kinyume. Watu wawili wamekwisha kuniomba niwatunzie vitabu vya hesabu, na kila ninapotaka kuwaambia tuanze, napata sababu ya kusogeza mbele.

Wa kwanza ana duka la vifaa vya ujenzi maeneo ya Msamvu. Amesajiliwa VAT, anatumia mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, ana wafanyakazi watano, na aliyekuwa akimtengenezea ritani za kodi za kila mwezi amehamia mkoa mwingine. Wa pili ni mama mdogo wangu, mwenye mgahawa Kihonda, ambaye pia hupokea tenda za chakula cha shughuli. Hajasajiliwa VAT, na wateja wake wengi hulipa kwa simu.

Katika mtihani swali huja na namba zilizokwisha kupangwa: haya ni manunuzi, haya ni mauzo, hii ni bakaa ya benki. Mwenye duka amenionyesha mfuko mtupu wa saruji uliojazwa risiti, baadhi zimefifia kiasi cha kutosomeka, na nilipoingiza mkono katikati yake nilitoka na risiti ya nondo, ya ada ya shule na ya vitenge vya harusi. Hakuna aliyewahi kunifundisha cha kufanya na mfuko wa namna hiyo.

Naomba msaada katika mambo matatu. Mosi, siku ya kwanza nifanye nini hasa, kwa mpangilio upi? Pili, mteja akiniuliza jambo la kodi ambalo silijui papo hapo, nijibu vipi bila kuonekana kwamba sijui kazi? Tatu, malipo: mwenye duka ametaja shilingi 50,000 kwa mwezi, na mama mdogo hajataja chochote, nami naona haya kumuuliza. Sijawahi kufanya kazi chini ya mhasibu mwingine isipokuwa kipindi kifupi cha mafunzo kwa vitendo, ambako kazi yangu kubwa ilikuwa kutoa nakala na kupanga mafaili.

Mzee wa Leja, Dodoma

Marahaba, mwanangu, na hongera.

Nianze na woga wenyewe, kwa sababu naona unausubiri uondoke ndipo uanze kazi. Kwa niliowaona wakianza, woga hupungua pale mtu anapokuwa na utaratibu mmoja anaoufuata kila mwezi bila kuuruka, hata siku ambazo moyo hautaki. Mteja wako hahitaji ujue kila kifungu cha sheria ya kodi. Anahitaji kujua kwamba hesabu zake zimefungwa, na kwamba kila namba uliyoiandika unaweza kumwonyesha ilikotoka.

Siku ya kwanza usiandike hata mstari mmoja kwenye leja. Kaa na mwenye duka, daftari mkononi, umuulize: ana akaunti ngapi za benki, ana Lipa Namba ya mitandao gani, fedha nyingine huingia kwenye simu yake binafsi au la, anadaiwa na nani, anamdai nani, kuna mkopo wa benki au wa kikoba, fremu ni yake au amepanga, mkataba wa pango uko wapi, wafanyakazi wana mikataba na namba za NSSF, ritani ya mwisho iliwasilishwa ya mwezi gani. Mwombe aonyeshe nakala ya ritani hiyo. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokueleza ukubwa wa kazi, na mara nyingi utagundua kwamba mfuko wa risiti ndio sehemu ndogo kuliko zote.

Baadaye anza na kumbukumbu ambazo mwenye duka hakuziandika kwa mkono wake: taarifa ya benki, taarifa ya Lipa Namba, na ripoti za Z za mashine ya EFD, yaani zile za jumla ya mauzo ya kila siku. Hizo ndizo nguzo. Risiti na madaftari ya dukani vinakuja kujibu maswali yanayotokana nazo. Ukianza na risiti utazama, kwa sababu risiti haikwambii ni nyenzake ngapi zilizopotea.

Chukua siku moja tu uifanye kwa ukamilifu. Tuseme ripoti ya Z ya Jumanne inaonyesha mauzo ya shilingi 1,465,000. Lipa Namba imepokea 610,000, fedha taslimu zilizopelekwa benki kesho yake ni 700,000, na daftari la madeni linaonyesha fundi amechukua mali kauli ya 110,000. Jumla ni 1,420,000. Zinapungua 45,000. Hapo ndipo penye kazi yetu. Kwanza igawe tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, upo uwezekano kwamba tarakimu zimepishana mahali, kwa mfano 61,000 imeandikwa 16,000, kwa hiyo pitia hesabu za fedha taslimu na daftari la madeni ukiwa na shaka hiyo. Ukikosa, muulize kijana wa kaunta bila kumtuhumu: je, kuna fedha iliyotoka kwenye droo siku ile? Mara nyingi utaambiwa kwamba utingo alilipwa kushusha saruji, chakula cha mchana kikanunuliwa, na bosi akachukua nauli. Fedha haikuibwa, imetoka bila karatasi. Basi dawa yake ni kitabu cha hati za malipo madogo kikae kando ya droo, na isitoke shilingi bila kuandikwa tarehe, kiasi, sababu na sahihi ya aliyepokea.

Ukishaifanya siku moja hivyo, fanya wiki, kisha mwezi. Mwishoni mwa mwezi bakaa ya leja ya benki ilingane na taarifa ya benki, na panapotofautiana uorodheshe sababu moja moja: hundi ambayo haijapita, makato ya benki ambayo hayajaandikwa, fedha iliyowekwa tarehe 31 ikaonekana tarehe 1. Neno «nyinginezo» lisiwe mahali pa kuficha tofauti uliyochoka kuitafuta.

Kuhusu risiti zilizofifia: karatasi ya EFD hufutika kwa joto na kwa muda, ilhali sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Piga picha au toa nakala kila wiki, zipange kwa mwezi. Risiti ya manunuzi ambayo haina jina na namba ya mlipakodi (TIN) ya duka la mteja wako iweke kando, kwa sababu VAT iliyomo humo hutaweza kuidai, hata kama bidhaa iko kwenye rafu na kila mtu anaiona.

Ile ya ada ya shule na ile ya vitenge usizitupe. Ziandike kama fedha alizotoa mwenye biashara kwa matumizi yake binafsi. Usiziingize kwenye gharama za duka, na usimkaripie.

Mwenye Duka, Mbeya

Mimi si mhasibu, lakini nimelipa wahasibu kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba nisikike kutoka upande wa pili wa kaunta.

Dada, hofu yako ya pili, ile ya kuulizwa swali usilolijua, inakusumbua wewe zaidi kuliko inavyotusumbua sisi. Nikikuuliza kama nitakatwa kodi kwenye jambo fulani, nawe ukaniambia «naomba nithibitishe, nitakujibu kesho mchana», sioni upungufu wowote hapo. Upungufu nauona kesho mchana ikipita kimya. Aliyekuwa akinitunzia hesabu kabla ya huyu niliye naye sasa alikuwa na maneno mazuri sana, kila swali alilijibu palepale kwa kujiamini, ila kila ilipokaribia tarehe 20, ambayo ni siku ya mwisho ya ritani ya VAT, simu yake ilikuwa haipokelewi. Faini nililipa mimi. Huyu wa sasa ni mpole, huongea kidogo, na hunitumia ujumbe kila tarehe 3 akiniorodheshea karatasi anazozihitaji na tarehe anayozitaka. Nikichelewa ananikumbusha mara moja tu, na nikichelewa tena ananipigia simu. Huyo simwachi.

Jambo jingine ni namna ya kutuletea taarifa. Nyie wenzetu mnapenda mizania na urari, nasi hatuukatai umuhimu wake, ila mimi nataka ukurasa mmoja ninaoweza kuusoma nikiwa nimesimama: mwezi huu nimeuza kiasi gani, mali niliyouza ilinigharimu kiasi gani, kimebaki nini baada ya pango na mishahara, nani ananidai, nani namdai na tangu lini, na mwezi ujao serikali inanidai nini na kwa tarehe ipi. Ile orodha ya wanaodaiwa, yenye safu ya waliopitisha siku 30 na waliopitisha siku 60, ndiyo iliyonifanya nione thamani ya kumlipa mhasibu, kwa sababu kabla ya hapo nilijua tu kwamba «nawadai watu» bila kujua kwamba wateja wawili walikuwa wameshika karibu nusu ya mtaji wangu.

Na tafadhali, kijana wetu wa kaunta asifanywe mshukiwa. Mhasibu akiingia dukani kama askari, vijana huficha hata ambacho hakikuhitaji kufichwa, na kuanzia hapo hutapata taarifa sahihi.

Mkaguzi, Dar es Salaam

Nitakuwa na mtazamo tofauti kidogo na wa Mzee wa Leja, kwa heshima zote.

Ushauri wa kuanza moja kwa moja una mvuto, ila tusisahau kwamba biashara iliyosajiliwa VAT na yenye wafanyakazi watano ina wajibu mwingi unaokimbizana. PAYE, yaani kodi ya mishahara, ni ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. VAT ni tarehe 20. NSSF, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, una muda wake ndani ya mwezi unaofuata. Kodi ya mapato ya makadirio hulipwa kwa awamu nne kwa mwaka. Kama fremu ni ya kupanga, kuna kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, ambayo wapangaji wengi hawaijui hadi siku wanapokaguliwa: analipa 1,800,000 kwa miezi sita, anamkabidhi mwenye nyumba yote, kisha baadaye anatakiwa yeye mwenyewe kuilipa ile 180,000 ambayo angeikata mapema. Mtu ambaye hajawahi kuuzunguka mwaka mzima wa kodi akiwa chini ya mwangalizi anaweza kuujua kila wajibu kwenye kitabu na bado akausahau mmoja mwezi wa tatu.

Kwa sababu hiyo ningependa aanze na mgahawa, ambao mauzo yake, nadhani, hayafikii kiwango cha kusajiliwa VAT cha shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kama ni mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100, yuko kwenye utaratibu wa kodi ya kukadiriwa kwa mauzo, na hapo kumbukumbu nzuri zina faida ya wazi, kwa maana katika ngazi za chini asiye na kumbukumbu hutozwa kiwango cha mkupuo bila kujali aliuza kidogo au sana ndani ya ngazi hiyo. Duka la vifaa vya ujenzi alichukue iwapo atampata CPA, yaani mhasibu aliyethibitishwa na Bodi, wa Morogoro atakayekubali kupitia ritani zake kabla hazijawasilishwa, hata kwa kumgawia sehemu ya malipo, kwa miezi ya mwanzo.

Vilevile ni muhimu ajue mipaka ya cheti chake. Kutunza vitabu ni jambo moja. Kukagua hesabu na kutoa maoni ya ukaguzi ni kazi ya CPA mwenye leseni ya kutoa huduma kwa umma, na ritani ya mwaka ya kampuni inahitaji kuandaliwa au kuthibitishwa na mtu wa daraja hilo. Anayejitangaza kuwa mshauri wa kodi naye anahitaji kutambuliwa na TRA kwa kazi hiyo. Ahakikishe usajili wake NBAA uko katika daraja linalolingana na huduma anayotaka kuitoa, na aulize ofisi za Bodi kabla ya kuchapisha kadi za biashara. Mpaka huo hauna aibu yoyote. Mteja akiomba «hesabu zilizokaguliwa», jibu liwe kwamba utaziandaa ziwe tayari kwa mkaguzi, na utamtafutia mkaguzi.

Mzee wa Leja, Dodoma

Ndugu Mkaguzi, la CPA wa kupitia ritani naliunga mkono kwa mikono miwili, na la mipaka sina la kuongeza. Tunapoachana ni kwenye mgahawa.

Watu hudhani mgahawa ni mwepesi kwa kuwa ni mdogo. Binafsi naona ni mgumu kuliko duka. Dukani kuna mashine, kuna ankara za wasambazaji, mfuko wa saruji ni mfuko wa saruji. Mgahawani nyanya zimenunuliwa sokoni bila risiti, mkaa umeletwa na baiskeli, nusu ya mchele umepikwa nyumbani, na simu inayopokea malipo ya wateja ndiyo hiyo hiyo inayopokea michango ya harusi na fedha za watoto walioko mbali. Ukiongeza na undugu, unayemtunzia hesabu anaweza kukukatiza katikati ya swali kwa kukutuma dukani. Duka lina wajibu mwingi, kweli, ila ni wajibu unaojirudia kila mwezi kwa tarehe zile zile, na mwanafunzi hujifunza haraka zaidi kwenye jambo linalojirudia.

Kwa mgahawa, la kwanza kabisa ni kumshawishi mama mdogo achukue laini au Lipa Namba ya biashara peke yake. Kabla ya hapo hakuna hesabu za kutunza.

Mtunza Hesabu, Mwanza

Nami naomba niguse suala la malipo, maana wengi wameliruka.

Dada, 50,000 kwa duka la VAT lenye wafanyakazi watano ni kidogo, lakini usibishane na namba kabla hujaijua kazi. Mwambie utafanya wiki moja ya kuangalia hali ya vitabu, kisha utampa bei. Katika wiki hiyo hesabu miamala ya mwezi mmoja: mistari ya taarifa ya benki, mistari ya Lipa Namba, risiti za manunuzi, wafanyakazi wa kulipwa. Kisha kadiria saa zako. Bei inayotokana na hesabu ya namna hiyo unaweza kuitetea bila kutetemeka, kwa sababu akisema ni ghali unamwuliza ni kipi kati ya hivyo angependa kiondolewe. Kazi ya nyuma, yaani miezi ambayo haikuandikwa kabla hujaja, itoze peke yake na kwa bei yake. Ukiichanganya na malipo ya kila mwezi utajikuta unafanya kazi ya mwaka mzima kwa malipo ya mwezi mmoja, na chuki itaingia.

Kwa mama mdogo, tafadhali toza. Iwe kidogo, iwe nusu ya unachomtoza mtu baki, lakini iandikwe. Kazi ya bure haina tarehe ya mwisho. Kila mara itasukumwa nyuma ya kazi yenye malipo, na siku hesabu zitakapohitajika utakuwa umemwangusha ndugu yako kwa kutaka kumheshimu. Kama kutaja fedha mbele yake ni kugumu, mtumie barua ile ile ya makubaliano unayomtumia mwenye duka, ukiwa umebadilisha jina na kiasi. Karatasi hutamka yale ambayo mdomo unayaonea haya.

Barua hiyo ukurasa mmoja unatosha. Iseme utafanya nini kila mwezi, hutafanya nini, mteja atakukabidhi karatasi lini, utamkabidhi taarifa lini, malipo ni kiasi gani na kwa tarehe ipi, na kwamba akichelewesha karatasi kupita tarehe fulani faini ya ritani itakayochelewa itakuwa juu yake. Iseme pia kwamba vitabu na karatasi ni mali yake na ataviondoa wakati wowote akitaka, hata kama mmetofautiana. Sentensi hiyo ya mwisho wateja wadogo huipenda kuliko zote, kwa kuwa wengi wamewahi kusikia habari za mhasibu aliyeondoka na mafaili. Nywila ya akaunti ya mteja kwenye mfumo wa TRA ibaki kwenye simu na barua pepe ya mteja, usiisajili kwa namba yako ili mambo yawe mepesi.

Kuhusu programu, Excel inatosha kwa wateja wawili. Usinunue chochote kwa sasa.

Mhasibu Mpya, Morogoro

Asanteni sana wote. Nimezungumza na CPA mmoja hapa mjini na amekubali kupitia ritani zangu. Nimefanya pia ile hesabu ya siku moja kama alivyoelekeza Mzee wa Leja, na tofauti niliyoipata ilikuwa kweli ni fedha za kushushia mizigo.

Naomba mnisahihishe katika mawili kabla sijamkabidhi CPA. Mfanyakazi mmoja analipwa 500,000. Nimekata NSSF asilimia 10, yaani 50,000, ikabaki 450,000. Nikatoa 270,000 isiyotozwa, ikabaki 180,000. Asilimia 8 yake ni PAYE ya 14,400. Anapokea 435,600. Na kuna mauzo kwa kampuni ya ukandarasi ya 1,180,000, VAT ikiwa imo ndani. Nimezidisha kwa 18 nikagawa kwa 118, nikapata 180,000.

La pili ni zito zaidi. Mwenye duka ameniomba, kwa sauti ya utani lakini naona anamaanisha, nimtengenezee hesabu mbili: zenye mauzo makubwa za kupeleka benki anakoombea mkopo, na zenye mauzo madogo za TRA. Sikumjibu. Naogopa nikikataa nitampoteza kabla hata sijaanza.

Mzee wa Leja, Dodoma

Hesabu zote mbili ziko sawa. Wengi hukosea hiyo ya VAT kwa kuchukua asilimia 18 ya 1,180,000, wakapata 212,400 na kumlipisha mteja zaidi. Kwenye mshahara kumbuka upande wa mwajiri: NSSF nyingine ya 50,000, na Mfuko wa Fidia asilimia 0.5, yaani 2,500. Kwa hiyo mfanyakazi huyo anamgharimu 552,500, na mwenye duka aelezwe hivyo kabla hajaahidi nyongeza kwa mtu. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi haimhusu, maana huanzia waajiri wenye wafanyakazi 10.

Kuhusu hesabu mbili, kataa, na ukatae mapema, wakati angali anaiita utani. Lakini usikatae kwa mahubiri. Mweleze kazi inavyokwenda. Mauzo ya mashine yake hutumwa TRA na mashine yenyewe, kwa hiyo «mauzo madogo» yanapingana na namba ambazo TRA wanazo tayari. Benki nayo itamwomba hati ya uthibitisho wa kutodaiwa kodi, itatazama miamala ya akaunti yake, na mara nyingi itataka kuona alichowasilisha TRA. Karatasi mbili zenye namba mbili zitakutana kwenye meza moja, na jina lililo chini yake litakuwa lako.

Kisha mpe kitu badala yake. Fungua miezi ya nyuma uangalie matumizi yake binafsi yaliyoingizwa kwenye gharama. Ada ya shule ya 1,200,000 ikiwa imeandikwa kama gharama ya duka, faida imepungua kwa kiasi hicho hicho kwenye karatasi, na benki inaona duka linalosuasua, ilhali kwa TRA gharama hiyo haikubaliki hata hivyo. Itoe huko, iandike kama fedha aliyochukua mwenyewe, uone faida inavyopanda bila kudanganya mtu yeyote. Ongeza orodha ya wanaomdai na anaowadai, na hesabu ya mali iliyopo stoo iliyohesabiwa kwa mkono, siyo ya kukadiria. Afisa mikopo akipata hayo matatu anakuwa na cha kupimia uwezo wake wa kulipa.

Akikubali, umepata mteja. Akisisitiza zile mbili, mrudishie karatasi zake zote kwa orodha yenye sahihi yenu wawili, mtoze ile wiki ya kuangalia vitabu, na uendelee na mgahawa.

Mwenye Duka, Mbeya

Naongezea tu kwamba maneno hayo mwambie asubuhi kabla wateja hawajajaa, na usimwambie mbele ya vijana wake. Mimi nimewahi kuombewa mkopo kwa vitabu vyangu halisi, na swali la kwanza la afisa lilikuwa kuhusu wale wateja wawili waliokuwa wameshika mtaji wangu.

Mhasibu Mpya, Morogoro

Nimewaelewa. Nitamwona Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, nikiwa na barua ya makubaliano na ukurasa mmoja wa wadaiwa wake wa mwezi uliopita, ambao nimekwisha kuuandaa. Bei nimeihesabu kwa saa kama alivyoshauri wa Mwanza, imefika 140,000. Kazi ya nyuma nimeiandika kando.